Fulana Arobaini Nilizochapa kwa Hasira

Juzi pale Majengo vijana walichoma jezi. Jezi mpya kabisa, kitambaa kizuri, kwa sababu mchezaji ambaye jina lake lilikuwa mgongoni amehamia timu nyingine. Nilikuwa napita na kikapu changu, nikasimama, nikaiangalia ikijikunja kama karatasi. Kijana mmoja akaniambia kwa adabu, "Shikamoo bibi, usisimame karibu, hewa hiyo mbaya." Nikamwitikia, kisha nikamuuliza huyo mchezaji amewakosea nini.

"Katusaliti, bibi. Ameondoka bila hata kuaga."

Sikumjibu, maana jibu nililokuwa nalo lilikuwa refu na yeye alikuwa na kiberiti mkononi. Nikarudi nyumbani nimefura. Basi ninawaandikia ninyi mnaoshona na kuchapa jezi siku hizi, na ninyi mashabiki mnaowapelekea kazi hiyo. Nina haki ya kuwagombeza, kwa sababu mlichofanya juzi mimi nilikifanya kabla yenu, tena kwa ufundi zaidi.

Naitwa Rozalia. Mjini wananiita Mama Anna, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Nilizaliwa Marangu kwenye kihamba cha kahawa na ndizi, nikaolewa Moshi mjini, na kwa zaidi ya miaka thelathini nilikaa kwenye kibaraza kimoja karibu na soko nikitengeneza jezi. Za shule, za makanisa, za madereva wa bodaboda, za ligi. Na miaka yote hiyo nilikuwa shabiki wa timu yetu ya mji, Theluji. Sikuwa shabiki wa kukaa kimya. Marehemu mume wangu alikuwa akisikia Theluji wamefungwa anakwenda kula kwa dada yake, kwa sababu alijua siku hiyo mimi sipiki.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Kassimu, mtu wa Pangani aliyekuja Moshi kijana na hakurudi tena kwao. Enzi zake namba ilikatwa kwa mkasi kwenye kitambaa, ikashikizwa kwa pini, ikazungushiwa mshono wa zigizaga. Alikuwa na sheria moja ambayo nawapa: ukifumua jina au namba, fumua kutoka ndani. Geuza jezi, kata nyuzi upande wa nyuma kwa wembe, halafu vuta mbele. Ukianza kwa mbele, mkono ukiteleza umetoboa kitambaa, na shabiki hatakuelewa hata ukilia.

Mwezi wangu wa kwanza kwake tulipata kazi ya timu ya vijana wa Kahe, wakulima wa mpunga. Nilikata namba zote vizuri, nikashona vizuri, ila sita niliishona juu chini. Timu ikawa na tisa wawili na haina sita. Tulipogundua, jamaa walikuwa wameshaondoka na furushi lao. Jumatatu kocha wao akaja, nikajificha nyuma ya cherehani. Fundi Kassimu akamwambia, "Bwana, binti yangu amewapa washambuliaji wawili." Kocha akasema, "Ndiyo nimekuja kusema. Tumeshinda. Msiibadilishe." Nimekaa miaka mingi katika kazi hii na sijapata tena kosa lililopokelewa vile.

Baadaye zikaja stika, yale majina ya plastiki yanayobandikwa kwa joto. Nikanunua mashine, nikajiona msomi. Kazi ya kwanza ilikuwa jezi za timu ya walimu, na hakuna aliyeniambia kwamba herufi zinakatwa kinyume ili zikibandikwa zisomeke. Walimu kumi na mmoja wakawa wanasomeka kwenye kioo tu. Mwalimu mkuu alizitazama kwa muda mrefu, akasema wanafunzi wasizione, akazikunja mwenyewe. Nilizirudia zote.

Sasa nije kwenye usajili. Mkitaka kujua hasira ya shabiki msiende uwanjani, kaeni kwa fundi jezi wakati dirisha la usajili liko wazi. Uwanjani mtu anapiga kelele kwa sababu wenzake wanapiga. Kwangu anakuja peke yake, jezi iko kwenye mfuko wa plastiki, uso umevimba kama amefiwa. "Mama Anna, toa jina hili." Na mimi natoa. Pasi ya moto mdogo, karatasi juu, jina likilainika unalivuta polepole kwa kibano, gundi inayobaki unaifuta kwa spiriti. Lakini kivuli chake hakitoki. Jua limeshafifisha kitambaa pembeni ya herufi na chini yake hapana. Temba, muuza nyama wa Mbuyuni, alikuwa na jezi yenye vivuli vya majina matatu. Msimu wa nne akaniambia niandike TEMBA. "Huyu," akasema, "najua hauzwi."

Elisante alikuja kibarazani akiwa na miaka kumi na tisa, siku ya pili baada ya Theluji kumsajili. Kijana mwembamba wa Old Moshi, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, viatu amevishika mkononi kwa sababu njia ilikuwa na tope. Aliamkia kila mtu kibarazani, hata mteja aliyekuwa amelala.

"Mama, wamesema jina langu litafupishwa liwe Eli, kwa kuwa herufi ni nyingi," aliniambia. "Naomba lisifupishwe."

"Herufi nane kwenye mgongo kama wako ni kazi. Kwa nini lisifupishwe?"

"Mama yangu hasomi vizuri, lakini jina langu analijua lote. Akiona nusu atadhani ni mtu mwingine."

Nilikaa na herufi hizo nane alasiri nzima. Nilizipunguza upana moja moja, ile L na ile I nikazisogeza, mpaka ELISANTE likakaa mgongoni juu ya namba saba bila kugusa mabega. Na kwa kitambaa kilichobaki nikamtengenezea mama yake jezi ya pili, sikumtoza. Mama Elisante alikuwa anauza ndizi soko la Kiboriloni. Aliivaa juu ya kitenge chake, akaja nayo uwanjani kila Theluji walipocheza nyumbani, akawa anakaa pembeni yangu. Yeye Mlutheri, mimi Mkatoliki, tukawa tunagombana kuhusu kila kitu isipokuwa mpira. Nikienda sokoni alikuwa ameshaniwekea mshare, zile ndizi za kupikia mtori, chane nzuri ya katikati ya mkungu, ameifunika kwa jani asiione mtu mwingine.

Misimu miwili yule kijana alitufungia. Msimu wa tatu tulikuwa nafasi ya pili, nyuma ya timu ya Arusha, na kila mtu mjini alikuwa na hakika kwamba mwaka huo tunapanda ligi kuu. Mnajua watu wa Moshi na watu wa Arusha. Ni bora tufungwe na timu ya mwezini.

Mwenyekiti wa Theluji alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi, tukamwita Nondo, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo. Alikuwa pia diwani, wa chama cha upinzani, mtu wa kuhutubia huku amekunja mikono ya shati. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi na ilisikika kwamba anautaka ubunge. Sisi hatukuona shida. Tulisema akiwa mbunge uwanja utapata nyasi.

Dirisha dogo likafunguliwa katikati ya msimu. Asubuhi moja, kabla sijatoa hata cherehani nje, picha ilikuwa imeshafika kwenye simu za mji mzima: Elisante ameshika jezi ya Arusha, wanaume wawili wenye matumbo wanacheka pembeni yake. Elisante wetu, nusu ya msimu, kwa timu tuliyokuwa tunaifukuza.

Siwezi kuwaeleza siku ile ilivyokuwa. Temba alikuja na aproni yake ya damu, hakusalimia. "Mama Anna, najua jina langu halihusiki, lakini nipe kitu cha kuchana." Watu walileta jezi za Elisante mpaka nikaishiwa spiriti. Mchana Nondo akasema redioni, kwa sauti ya msiba, "Kijana ameomba mwenyewe kuondoka. Tulimbembeleza. Tamaa ya ujana, ndugu zangu, mumsamehe." Alivyosema tumsamehe ndivyo hasira ilivyozidi. Mimi nilizima redio nikasema mbele ya wateja kwamba yule mtoto ni nyoka, na kwamba nilimpunguzia herufi bure.

Siku mbili baadaye nilikwenda Kiboriloni. Mama Elisante aliniona tokea mbali.

"Mama Anna, mshare wako huu hapa."

Nikapita. Nilinunua ndizi kwa mwanamke aliyekaa jirani yake, ndizi mbaya zenye madoa, nikasimama pale nikizichagua taratibu ili ahakikishe ananiona. Alilirudisha lile jani juu ya chane yake.

Wiki ileile akaja Kimaro, katibu wa tawi la mashabiki, na karatasi ya oda. Fulana arobaini nyeusi, mgongoni MSALITI na namba saba, zivaliwe siku Arusha watakapokuja kucheza kwetu. Chini yake, kwa mwandiko uleule, fulana mia mbili zenye sura ya Nondo kwa ajili ya mkutano wake wa hadhara. Nilizifanya zote. Za Nondo nilizifanya kama kazi. Zile arobaini nilizifanya kwa moyo. Herufi saba za MSALITI nilizipanga kwa uangalifu kuliko jina la mchezaji yeyote, na nilipomaliza niliinua moja juu nikaitazama, nikafurahi.

Mkutano wa Nondo ulikuja kwanza. Alipanda jukwaani na kadi ya chama chake cha zamani, akaikabidhi, akapokea kadi ya chama kinachotawala, akasema dhamira yake imemsukuma kuunga mkono maendeleo. Alikuwa ameombewa kura na kile chama cha upinzani na watu walewale waliokuwa wamesimama pale, wengine walipigwa virungu kwa ajili yake. Wakampigia vigelegele. Tulikula pilau. Temba alikuwa amevaa fulana ya Nondo juu ya fulana ya MSALITI, joto limemzidi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwita Nondo msaliti. Tuliambiwa amerudi nyumbani, tukasema karibu.

Mtu aliyeomba kura zetu akazibeba kwenda kwingine, tulimpokea kwa ngoma. Mtoto anayepiga mpira alipopelekwa timu nyingine, tulimchapia matusi.

Siku ya mechi nilikaa juu kidogo ya wale vijana arobaini. Elisante alipotoka na wenzake wa Arusha, vijana wetu wakaanza kumwimba, na yeye hakuinua uso. Kila alipogusa mpira walisimama wakageuka kumwonyesha migongo, wakaonyesha kazi yangu. Ndipo nikamwona mama yake. Alikuwa amekuja peke yake na amevaa ile jezi yetu, kwa sababu ndiyo jezi pekee aliyokuwa nayo yenye jina la mwanawe. Alikaa mahali pake pa siku zote na nafasi yangu pembeni yake ilikuwa wazi.

Kipindi cha pili kijana mmoja mwenye fulana nyeusi alimfikia kwa nyuma, akasema, "Mama, vua hiyo, si yako tena." Mama Elisante alishika kola kwa mikono miwili. Yule kijana akavuta jina. Nilisikia kitambaa kikichanika, nami nasikia vitambaa kama mwingine anavyosikia jina lake likiitwa. Watu wawili watatu walimzuia. Mimi nilikuwa hatua kumi juu yao. Sikushuka.

Tulifungwa moja. Elisante hakufunga yeye.

Kesho yake asubuhi alikuja kibarazani. Timu yake ilikuwa imelala mjini. Alisimama mlangoni, akasema, "Shikamoo mama," na mimi nilikawia kuitikia mpaka mteja wangu akanitazama. Akatoa jezi ya mama yake kwenye mfuko, akaiweka mezani. Ilikuwa imechanika tokea E ya kwanza mpaka kwenye S.

"Naomba uishone. Stika haitashika tena hapo."

"Uliziona fulana zangu?" nikamuuliza. Sijui kwa nini niliuliza, labda bado nilitaka aumie.

"Niliziona. Nilijua ni kazi yako, mama. Herufi zilikaa vizuri."

Mteja akaondoka bila kuaga. Nikavuta kigoda, nikamwambia akae, nikamuuliza kile mji mzima ulichokuwa unauliza. Kwa nini aliondoka bila kuaga.

"Niliitwa ofisini," akasema. "Nilijua naitiwa viatu vipya, maana nilikuwa nimeomba. Nikakuta karatasi zimeshaandikwa na wageni wawili kutoka Arusha. Waliongea na Mwenyekiti nusu saa nzima, mpira haukutajwa. Walikuwa wanataja wajumbe wa kura za maoni za chama kinachotawala, wale wanaochagua mgombea ubunge. Huyu yuko upande wetu, huyu bado, yule, mkubwa wetu wa chama atazungumza naye. Mwishoni wakasema mkubwa huyo ndiye mlezi wa timu yao na anahitaji mshambuliaji. Mwenyekiti akanigeukia akasema, saini hapa, umeuzwa."

"Na wewe ukasaini."

"Niliomba nimalize msimu. Akasema nikikataa sitacheza huko wala hapa, nitakaa nyumbani mpaka mkataba uishe. Ninamjengea mama nyumba, Mama Anna. Nikasaini. Nikaomba basi niwaage mashabiki. Akasema nisijisumbue, ataniagia yeye."

Nikaenda kwenye kopo ninaloweka karatasi za oda. Nikaitoa ile ya Kimaro. Nilikuwa nimeikunja ndani nje, na sasa niliifungua yote. Juu kwenye kona ilikuwa na picha ya mfuko wa saruji na jina la duka la Nondo. Aliyemuuza Elisante ndiye aliyeagiza fulana za kumtukana, ili macho yetu yabaki kwa kijana yasije kwake. Na oda ya kampeni yake ilikuwa chini yake kwenye karatasi hiyohiyo. Macho yangu yalikuwa mazima wakati ule. Niliiona karatasi ile, nikaifanyia kazi wiki nzima, na sikuisoma.

Jezi ile niliishona kwa mkono. Nilikata herufi za kitambaa kama za zamani, nikaweka kipande ndani kushikilia palipochanika. Elisante hakungoja, basi lao lilikuwa linaondoka. Aliniomba nimpelekee mama yake nikipata nafasi.

Mkutano wa wanachama wa Theluji ulikuwa mwezi uliofuata, katika ukumbi wa shule. Nilinyoosha mkono. Nikasema mimi ndiye niliyechapa fulana za MSALITI, na ninaomba radhi, na sasa ninataka kujua kwa nini oda yake ilitoka kwenye duka la Mwenyekiti. Nikaiinua karatasi. Kimaro alikuwa anaangalia viatu vyake. Nondo akasimama, akatabasamu, akasema, "Mama yetu huyu ametushonea miaka mingi, na sasa umri unamchosha. Siasa tusiziingize kwenye mpira. Tumpigieni makofi mama yetu."

Wakapiga. Watu mia na zaidi walinipigia makofi mpaka nikakaa. Nimezomewa maishani, nimefungwa mabao matano nyumbani, lakini sijawahi kudhalilishwa kama nilivyodhalilishwa na makofi yale. Kijana akiwa na hoja wanamwita mkorofi. Mzee akiwa nayo wanampigia makofi. Ni njia ileile ya kukufunga mdomo.

Mambo yaliishaje? Theluji hatukupanda. Bila mshambuliaji tulimaliza nafasi ya tano. Arusha walipanda, na walipopanda wakaleta wachezaji kutoka nje, wakamkalisha Elisante benchi, halafu wakampeleka Songea kwa mkopo, kama mtu anavyomwazima jirani jembe. Naye hakuulizwa. Anacheza huko mpaka leo, anafunga, na watu wa Songea wanampenda. Nondo alishindwa kwenye kura za maoni. Wajumbe walivaa fulana zake, wakala wali wake, wakampigia mwingine. Nilicheka, sikatai. Lakini haukupita muda akateuliwa kushika cheo kikubwa mkoa wa mbali, nasi tukaachwa na timu isiyo na mshambuliaji wala mwenyekiti.

Na mnajua walifanya nini? Walimwandalia sherehe ya kumuaga. Kimaro akaja kibarazani na jezi mpya ya Theluji, anataka iandikwe mgongoni ASANTE MWENYEKITI.

"Siandiki," nikamwambia.

"Mama Anna, hii ni kazi tu."

"Ndiyo. Na nimeiacha leo."

Alidhani natania. Nilichomoa mashine ya joto kwenye umeme mbele yake, nikaanza kuzungusha waya. Cherehani nilimpa binti niliyekuwa namfundisha, na ndivyo nilivyostaafu. Watu wanasema ni macho. Mwacheni anayetaka kusema macho aseme.

Sasa ninyi. Siwaambii msikasirike mchezaji akihama. Shabiki asiyekasirika hana timu. Nawaambia mchezaji hajiuzi, anauzwa, na aliyemuuza yuko palepale amekaa kwenye kiti cha mbele, mara nyingi yeye ndiye anayewapa kiberiti. Na ninyi mafundi, msiniambie kwamba mteja ni mfalme. Mkono ni wenu. Neno mnalolipanga vizuri mgongoni mwa mtu litakwenda mahali ambapo ninyi hamko, litamkuta mama wa mtu amekaa peke yake.

Limebaki jambo moja, na nimelichelewesha kwa sababu bado linanipa aibu. Ile jezi ilikaa kwangu wiki tatu. Kila asubuhi nilisema leo nitaipeleka, na kila asubuhi nilipata kazi nyingine. Mwishowe nikapanda Old Moshi siku ya Jumamosi, nikauliza njia mara mbili, nikafika kihambani kwake saa kumi jioni. Mama Elisante alikuwa anashusha mzigo wa majani kichwani. Nilimsalimia. Aliitikia kama anavyoitikiwa mtu wa sensa.

Nikaitoa jezi. Aliigeuza kwanza, akaangalia mshono wa ndani, kisha akapitisha kidole kwenye herufi moja moja mpaka mwisho.

"Zimetimia," akasema.

"Nimekuja kuomba radhi kwa zile fulana."

"Fulana nilizisamehe siku ileile. Zilivaliwa na vijana, na vijana hawana akili." Aliikunja jezi akaiweka begani. "Ulinunua ndizi za Mama Joisi. Ndizi zenye madoa, Mama Anna, na mimi nimekaa pale na chane yako."

"Nilinunua."

"Ulizila?"

"Nilizitupa."

"Vizuri," akasema, na nilifikiri amemaliza na mimi, maana alinipa mgongo akaingia bandani. Nilisimama nje na mfuko mtupu, nikijiuliza kama nishuke kabla jua halijazama. Nikamsikia akisogeza ndoo na kigoda, na ng'ombe akipuliza pua.

"Unasimama huko kama mwenyekiti wa nini?" akasema kutoka ndani. "Ng'ombe huyu ananipiga usoni kila jioni na hakuna wa kunisaidia. Ingia ushike mkia."

Nikavua viatu, nikaingia, nikaushika.